Kurudi barabarani kwa pikipiki nyepesi: mwongozo kamili kwa aliyeanguka akaingiwa na woga

Nilianguka nikiwa nimesimama. Ilikuwa kwenye kona za juu ya Soni, barabara ya kwenda Lushoto, milima ya Usambara, nikampisha dereva wa lori la kabichi aliyekuwa anashuka. Nilikuwa juu ya pikipiki ya cc 650, zaidi ya kilo 200 ikiwa na mafuta, na siti yake iko juu. Nikafunga breki, nikashusha mguu wa kushoto kutafuta ardhi, na ardhi haikuwepo: ukingo wa lami ulikuwa umeliwa na maji ya mvua. Pikipiki ikalala polepole, nami nikaing'ang'ania mpaka mwisho, kifundo cha mguu kikabaki chini yake. Spidi yangu ilikuwa sifuri.

Nikakaa na hogo, plasta ngumu ya mfupa, wiki sita. Mfupa uliunga, lakini kila nilipoisogelea ile pikipiki viganja vilitoka jasho. Mara tatu niliiwasha uani, mara tatu nikaizima. Nikaamini roho yangu imekuwa ndogo. Aliyenifumbua macho ni fundi mmoja pale Soni. Nilimpelekea abadilishe mkono wa klachi uliovunjika, akanitazama ninavyohangaika kuigeuza, akasema, "Dada, huo siyo woga. Miguu yako haifiki chini, na mwili wako unajua."

Nimelifikiria neno hilo sana. Mtu akiambiwa "jikaze" anapanda tena pikipiki ileile, anakakamaa mabega, na mabega yaliyokakamaa ndiyo yanayoangusha. Woga wa aina hii una hesabu ndani yake: mwili umeona kwamba kosa dogo likitokea hauna nguvu ya kulirekebisha. Kwa hiyo badilisha chombo kwanza, mpaka kosa liwe dogo kiasi cha kulimudu kwa miguu na mikono yako. Moyo utafuata. Yafuatayo ndiyo niliyoyafanya, pamoja na machache ambayo ningeyafanya mapema zaidi ningeyajua.

Kabla ya kugusa pikipiki, jikague mwenyewe

Kama uliumia, subiri ruhusa ya daktari, kisha jipime nyumbani. Simama kwa mguu ulioumia, peke yake, ukihesabu hadi 30. Kunja kifundo juu na chini kama unayebadilisha gia. Kamua mpira mdogo kwa kila mkono mara 20 bila maumivu. Geuza shingo mpaka kidevu kikaribie bega, kulia na kushoto. Kimoja kikishindikana, usipande bado. Ukipanda na kiungo kinachouma, kila shimo litakukumbusha siku ile, na utachanganya maumivu na woga.

Helmeti uliyoanguka nayo ikapiga chini, iache, hata kama haina ufa. Povu la ndani likishabonyea limekwisha kazi yake. Nunua pia buti linalofunika kifundo. Mimi nilivaa raba siku ile.

Kuchagua pikipiki

Angalia mambo mawili kabla ya injini: uzito na kimo cha siti. Pikipiki za kundi la Boxer 150 na TVS HLX 125 zina kilo kama 120 hivi. Honda XR150L ina kilo 129 na siti yenye kimo cha milimita 825, nzuri kwa barabara ya vumbi lakini ndefu kwa mtu mfupi. Yamaha AG100, ile waliyozoea mabwana shamba na mabibi shamba wengi, ni nyepesi zaidi, na imeundwa kwa ajili ya kazi za shamba, kwa hiyo inavumilia kwenda taratibu siku nzima. Nyepesi pia ni zile za mtindo wa Honda Cub, zenye kilo kama 100. Hizo hazina mkono wa klachi kabisa. Unakanyaga gia tu, klachi inajiachia yenyewe. Aliyepoteza imani baada ya injini kumzimikia mlimani angefikiria sana aina hiyo.

Kuhusu aibu ya kushuka kutoka pikipiki kubwa kwenda ndogo, nitasema kwa kifupi kwa sababu inawazuia wengi. Honda Cub ilitoka mwaka 1958, na kufikia 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100. Hakuna chombo kingine cha moto kilichofikia idadi hiyo. Walioiunda walitaka hata mpeleka chakula aweze kuiendesha kwa mkono mmoja, mwingine umeshika sinia. Wepesi ulikuwa ndiyo shabaha yao tangu mwanzo.

Kipimo cha siti ni hiki: vaa viatu utakavyoendeshea, kaa, shusha miguu yote miwili kwa pamoja. Nyayo zikae chini zote, na magoti yabaki yamekunjika kidogo. Ncha za vidole hazitoshi. Mtu mwenye uzoefu wa miaka 20 anaweza kuishi na ncha za vidole, wewe kwa sasa huwezi. Kisha shuka, simama upande wa kushoto, ilaze kidogo kuelekea kwako, uirudishe. Ilaze zaidi, uirudishe. Utafika pembe ambayo uzito unaruka ghafla mikononi. Kwenye pikipiki yangu kubwa pembe hiyo ilikuja mapema mno. Kwenye Boxer niliyoinunua niliilaza karibu nusu, bado nikairudisha kwa mikono yangu.

Na uliza mpangilio wa gia kabla ya kuijaribu. Nyingi kubwa ni moja chini, nyingine zote juu. Nyingi ndogo zinakanyagwa mbele zote, na za kurudisha gia unakanyaga kwa kisigino. Mguu una mazoea yake, na mazoea hayo hujitokeza unaposhtuka. Mimi nilikaa kwenye stendi ya kati jioni mbili, injini imezimwa, nikipanda na kushuka gia huku nazitaja kwa sauti.

Ukinunua iliyotumika

Nyingi zilizo sokoni zimefanya bodaboda, na siyo dhambi, ila zimebeba mizigo. Fika bila kumpa muuzaji muda wa kuipasha moto: gusa injini kwanza, iwe baridi, ndipo muwashe. Moshi wa bluu unaoendelea baada ya dakika chache maana yake inakula oili. Inua gurudumu la mbele, geuza usukani polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Ukihisi kigingi katikati, beringi za shingo zimeisha, na pikipiki ya namna hiyo itayumba kwenye mwendo mdogo, jambo ambalo wewe hasa hulihitaji. Gonga spoku moja moja kwa spana ndogo, iliyolegea inatoa sauti iliyokufa. Simama hatua tano nyuma, utazame kama matairi mawili yako kwenye mstari mmoja.

Linganisha namba ya fremu na kadi ya usajili. Angalia kama ina deni la faini za barabarani, andikishianeni mkataba, mkabadilishe umiliki TRA, mamlaka ya mapato, mara moja. Usikubali "tutafanya wiki ijayo".

Iandae iwe ya mtu mmoja

Hapa wengi wanapitiliza, na ndipo nilipopata nafuu kubwa ya haraka. Pikipiki ya biashara imefungwa kwa ajili ya abiria wawili na gunia. Matairi yamejazwa upepo mpaka yanalia, shokapu za nyuma zimekazwa mwisho. Ukiwa peke yako inadunda kwenye kila kokoto, tairi haishiki, nawe unadhani ni wewe hujui. Soma kipimo cha upepo kwenye stika au kitabu chake, safu ya dereva peke yake, ujaze hivyo asubuhi tairi ikiwa baridi. Geuza pete za shokapu, zote mbili sawa, ziwe laini.

Mikono ya breki na klachi ielekee chini kiasi kwamba ukinyoosha vidole, viganja vinafuata mstari wa mkono wako bila kuvunjika kwenye kifundo. Waya wa klachi uwe na mchezo mdogo tu, milimita 2 au 3 mwanzoni mwa mkono. Breki za dramu zikazwe zishike mapema. Bampa la mbele usilitoe. Ndilo litakaloshika ardhi badala ya mguu wako, ukianguka mazoezini.

Kiwanjani, injini imezimwa

Tafuta kiwanja cha mpira asubuhi, kabla watoto hawajafika. Siku ya kwanza usiwashe. Isukume ukiwa pembeni yake, mzunguko mzima wa kiwanja, kulia kisha kushoto, ukitumia breki ya mbele kuisimamisha. Mikono inajifunza pale uzito ulipo.

Kisha ilaze chini, makusudi, kwenye nyasi. Usiruke sehemu hii, najua inaonekana ya ajabu. Funga koki ya mafuta. Weka gia ya kwanza ili isitembee. Kama imelala upande wa kulia, toa kwanza stendi ya pembeni ikiwa bado chini, kwa sababu ukiinyanyua itaelekea kushoto, upande wa stendi, na lazima ikute stendi imeshatoka. Sasa geuza usukani mpaka mwisho kuelekea ardhini, uipe mgongo pikipiki, makalio yaegemee ukingo wa siti. Mkono mmoja ushike mwisho wa usukani, mwingine ushike keria au bomba la fremu. Mgongo unyooke. Usivute kwa mikono. Tembea kinyumenyume, hatua fupifupi, magoti yafanye kazi. Inainuka.

Nilipoinyanyua yangu mara ya kwanza nilibaki nimeiegemea, mapaja yanatetemeka, nyasi zimeshika kwenye bampa, harufu ya petroli kidogo puani. Nikailaza tena. Nikainyanyua tena. Mara ya tatu nilikaa chini nikalia, na sikuwa na huzuni. Tangu siku ya ajali nilikuwa nabeba swali moja: ikianguka tena, nani ataniinulia? Sasa lilikuwa na jibu.

(Ikigoma kuwaka baada ya kulala, kabureta imefurika. Vuta resi mpaka mwisho, bila choki, piga kiki mara kadhaa.)

Kiwanjani, injini inawaka

Dakika 20 zinatosha kwa siku. Ukichoka, acha hata kama unataka kuendelea, maana makosa ya mwisho ndiyo utakayoyalalia.

Anza na nusu klachi. Gia ya kwanza, resi kidogo isiyobadilika, mguu wa kulia umegusa breki ya nyuma, na klachi ndiyo inayoamua. Nenda mstari ulionyooka wa hatua 30 polepole uwezavyo, kama anayesindikiza mgonjwa kwa miguu. Kidole kimoja cha klachi kikiachia kidogo inasogea, kikivuta inapoa. Macho yawe kwenye goli la mbali, siyo kwenye tairi. Klachi ikianza kunuka, pumzika, haijaharibika.

Ukiweza mstari, panga chupa mbili za maji kwa umbali wa hatua 12, upige namba nane. Geuza kichwa kabla ya usukani, kidevu kielekee unakotaka kwenda. Ukiitazama chupa utaigonga, na kanuni hiyohiyo ndiyo inayomwingiza mtu kwenye shimo analoliogopa. Breki ya mbele usiiguse kabisa ukiwa umegeuza usukani kwenye mwendo mdogo. Hapo tairi la mbele linakukunja chini papo hapo. Tumia ya nyuma. Sogeza chupa hadi hatua 9 ukishaona raha.

Halafu breki za nguvu, kwenye lami kavu iliyonyooka isiyo na magari. Gia ya pili, kisha kamua breki ya mbele hatua kwa hatua: kwanza iguse, uzito uhamie mbele, ndipo uiongeze. Ya mbele ndiyo inayosimamisha pikipiki kwenye lami. Wengi walioanguka wanaikwepa kabisa, na kwa kuikwepa wanahitaji umbali mrefu zaidi kusimama. Kwenye changarawe mambo yanabadilika, mbele gusa tu, nyuma ndiyo ibebe kazi.

Kusimama, somo langu hasa

Ajali yangu haikutokana na mwendo. Ilitokana na kutochagua ardhi. Kwa hiyo hili nililifanyia mazoezi kuliko yote.

Kabla hujasimama, tafuta kwa macho sehemu utakayoweka mguu. Barabara nyingi za milimani zimeinamia pembeni ili maji yatoke, na sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo mguu wa kushoto ndio unaoelekea bondeni. Ukimpisha lori usijibanze ukingoni. Simama mapema, pale lami ilipo nzima, walau hatua moja kutoka ukingoni. Upande wa kushoto ukiwa chini sana, shikilia breki ya mbele na ushushe mguu wa kulia, ule wa upande wa juu. Usukani uwe umenyooka wakati magurudumu yanamaliza kuzunguka.

Kuondoka mlimani: shusha mguu wa kushoto pale ardhi ilipo imara, mguu wa kulia ubane breki ya nyuma, achia klachi mpaka usikie sauti ya injini inashuka na nyuma ya pikipiki inajikaza, ongeza resi kidogo, ndipo uachie breki. Fanya mara 10 kwenye mteremko mdogo, kisha mkali zaidi. Ikizima, vuta breki zote mbili, pumua, anza upya. Kuzimikiwa mlimani ukiwa na kilo 120 na nyayo zote chini ni jambo la sekunde tano.

Barabarani

Chagua saa. Mimi nilitumia Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwezi wa pili, kukiwa kukavu. Usianze wakati wa masika, udongo mwekundu wa Usambara ukilowa hauna huruma na mtu yeyote. Mwezi wa sita na wa saba nako kuna ukungu wa asubuhi, basi subiri jua lipande.

Safari ya kwanza iwe ya kilomita mbili, kwenda na kurudi, unakokufahamu. Usibebe abiria, usibebe mzigo, usiende na kundi. Nilipata tabu moja sikuitegemea: watu walinipungia mkono wakidhani ni bodaboda. Mwanzoni nilikuwa nafunga breki kwa kushtuka. Jizoeze kutikisa kichwa bila kupunguza resi.

Pikipiki ndogo haina nguvu ya kukuokoa kwa kuvuta resi. Kuovateki lori kwenye mlima mrefu usikufikirie. Mombo kwenda Lushoto ni kilomita zipatazo 33 za kona, unapanda kutoka tambarare hadi karibu mita 1,400, na Boxer inaupanda huo mlima vizuri kwa gia ya pili na ya tatu kama humkimbizi mtu. Ona gari kubwa nyuma yako kwenye saiti mira, tafuta pa kusimama penye ardhi nzuri, lipishe, endelea.

Kushuka ndiko kunakohitaji akili zaidi. Breki za dramu zikishikwa mfululizo zinapata moto na kulegea. Tumia gia ambayo ungetumia kupanda mlima huohuo, injini ikushikilie, breki uzitumie kwa vipindi kabla ya kona, uachie ndani ya kona. Na usishuke na fri, yaani bila gia, hata mara moja kwa ajili ya kuokoa mafuta. Vijana wengi wanafanya hivyo kwenye mlima ule, na ukishakuwa fri umebaki na breki peke yake.

Kurudi mahali ulipoangukia

Usipakwepe kwa miaka, wala usipakimbilie. Nilikwenda mara ya kwanza kwa miguu, nikaupima ule ukingo kwa unyayo: ulikuwa umeshuka kiasi cha shubiri moja. Nilisimama pale muda mrefu nikitazama magari yanavyopishana, nikaona kwamba hatua nane kabla ya kona kuna lami nzima na upana wa kutosha. Lori lile ningeweza kulisubiri pale.

Wiki iliyofuata nilikwenda na Boxer. Nikasimama kwenye zile hatua nane, bila lori lolote, nikaweka fri, nyayo zote chini. Nikaondoka. Nikageuza mbele, nikarudi, nikasimama tena upande wa kushuka. Mara nne kwa jumla. Moyo ulikwenda mbio mara mbili za mwanzo.

Pikipiki kubwa ifanywe nini

Usiiuze wiki ya ajali, na usijiwekee tarehe ya kuirudia. Iweke kwenye stendi ya kati chini ya turubai, funga koki, mwaga mafuta ya kwenye kabureta, chomoa betri na uichaji kila mwezi. Baada ya miezi kadhaa jipime kwa vitu vinavyoonekana: kwenye ile ndogo unapiga namba nane ya hatua 9 bila kushusha mguu, unaondoka mlimani bila kufikiri, umepata mvua ya ghafla ukafika nyumbani salama. Ukiyaweza hayo, ijaribu kubwa kiwanjani, ukianza tena na kuisukuma. Siti inaweza kupunguzwa sponji na fundi mzuri. Uzito haupunguzwi.

Mimi niliijaribu baada ya miezi saba. Niliiendesha, na sikuogopa, ila miguu bado ilikuwa haifiki chini, vilevile kama zamani, basi nikaiuza kwa mtu mrefu kutoka Korogwe. Siku aliyokuja kuichukua niliitoa uani mwenyewe mpaka barabarani. Barabara ya kwetu imeinama kushoto. Nikasimama mbali na ukingo, nikashikilia breki ya mbele, nikashusha mguu wa kulia, nikazima, nikampa funguo.